Baba alikubali kamera, akagomea choo

Baba mkubwa alipofariki kwa saratani ya utumbo mpana, nilianza kumsumbua baba akapime. Ana miaka 68, migomba yake kule Tukuyu anaihudumia mwenyewe, hajawahi kulazwa. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Siumwi, nikapime nini?"

Nilianza vibaya. Nilimtumia ujumbe wa kutisha kwenye simu, mara damu chooni, mara kukonda. Akaninunia wiki nzima. Na mimi ni binti yake, habari za haja kubwa tungezianzia wapi?

Aliyemfungua ni daktari mmoja wa Mbeya mjini, mtu mzima. Mimi nilikaa nje, baba akanisimulia baadaye. Aliambiwa saratani hii mara nyingi huanza na vijinyama vinavyoota ndani ya utumbo kama uyoga, haviumi, na huweza kuchukua hata miaka 10 kugeuka saratani. Wapo wanaoanza na kipimo chepesi cha choo, kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho. Ila yeye ndugu yake wa tumbo moja kafa kwa saratani hiyo, basi aende moja kwa moja kwenye kamera, ile inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo. Baba akatoka anasema, "Kumbe wakati wa kupima ni huu ambao siumwi." Mimi niliyasema hayo mwaka mzima!

Hela nilikuwa nimeshaweka kando. Nikadhani tumemaliza.

Kumbe shida yenyewe ilikuwa dawa ya kusafisha tumbo. Unakunywa jagi kwa jagi, nusu jioni na nusu alfajiri, halafu ni kukimbia chooni. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya ni kama kilomita 70. Kwenye Coaster utamwambia konda asimame mara ngapi? Nikampangia alale kwa kaka yangu Uyole. Akakataa katakata. Anayejua mila za Wanyakyusa ameshaelewa: mkwe na mkamwana hawapaswi hata kukutana, sasa nyumba ina choo kimoja, mwisho wa korido. "Nipishane na mke wa mwanangu nimeshika tumbo? Bora nife na huo uyoga."

Sikubishana naye. Nilichukua gesti karibu na hospitali, chumba chenye choo ndani, kaka akalala naye. Mimi nilikuwa wa kupeleka chai ya rangi na supu iliyochujwa, nagonga, naacha mlangoni. Juisi nyekundu walitukataza, maana kwenye kamera inaweza kudhaniwa damu. Baba alilalamikia kukosa maziwa kwenye chai kuliko alivyolalamikia dawa.

Asubuhi alichomwa sindano ya usingizi, akazinduka anauliza wataanza saa ngapi. Walikuta vijinyama viwili, wakavitoa palepale na kuvipeleka maabara. Majibu yalikuja hayana saratani, akapewa tarehe ya kurudi.

Nimesikia wengi wakisema wazee wetu ni wabishi, hawana elimu. Baba elimu aliipata ndani ya dakika 20. Choo ndicho kilichotuchukua wiki tatu.

Juzi kanipigia saa kumi na mbili asubuhi, nikashtuka.

"Ugonile, mwanangu. Ile gesti inaitwaje? Kuna mzee mwenzangu yuko hapa anaiulizia."