Nilivyouza tamthilia yangu bila kuachia haki zake

Mi ni prodyuza wa kujitegemea hapa Dar, nilianza enzi za DVD. Wakati ule mambo yote yalikuwa Kariakoo, unashuti muvi yako kwa hela za kukopakopa afu unampelekea msambazaji, anakupa chake mara moja na masta, ile kopi mama, inabaki kwake, hata zilipokuja stika za kodi za TRA za kubandika kwenye kila nakala 2013 bado we mwenye kazi hukuwa unajua zimetoka nakala ngapi, anajua yeye. Muvi zangu za kipindi kile zipo YouTube mpaka leo, siambulii hata mia.

Sa zilipokuja chaneli kama Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu ya Azam nikasema safari hii karatasi kwanza, kamera baadae. Ukienda kwenye chaneli mara nyingi kuna njia mbili: watoe bajeti yote na kazi iwe yao, hapo we ni fundi umejenga nyumba ya mtu, au utengeneze mwenyewe uwape leseni ya kuonyesha kwa muda fulani. Leseni hela yake ndogo lakini muda ukiisha kazi inarudi kwako. Nikachukua hiyo, washkaji wakaniona chizi.

Shida ya leseni ni kwamba lazima uthibitishe kazi ni yako kweli, kwahiyo kila mtu asaini kabla ya kushuti, mwandishi, waigizaji, mpaka mama mwenye nyumba. Wimbo wa mwanzo wote walitaka niweke bongo fleva inayotamba, nikagoma, nikamlipa dogo mmoja akatunga mpya tukaandikishana. Kuna mwigizaji wa siku nyingi aliniuliza, "Mwanangu, mi na wewe ni wa kuandikishana kweli?" Nikamwambia mzee wangu hii inakulinda na wewe, tarehe ya malipo hii hapa. Akaomba miwani, akasoma yote taratibu, akauliza nauli iko wapi. Haikuwemo. Tukaiongeza kwa peni, tukasaini pembeni wote wawili.

Kibali cha Bodi ya Filamu usikwepe, sheria ipo tangu 1976, na barua ya serikali ya mtaa nayo uwe nayo mfukoni maana ukiwasha tu jenereta mjumbe huyo hapo.

Kwenye hela kilichoniokoa ni kuikata skripti kwa lokesheni. Sini zote za sebuleni zinashutiwa pamoja, msiba wa episodi ya mwisho asubuhi, uchumba wa episodi ya kwanza jioni, na binti wa kontinyuiti, yule wa kuhakikisha muonekano haupishani sini hadi sini, anapiga picha kila gauni na kila hereni kwa simu yake. Feni zimezimwa kwa ajili ya sauti, watu wanachuruzika jasho, paka poda, bajaji inapita, rudia! Chaneli inalipa ikishapokea na kukagua, kwahiyo mwenye kamera nilimpa asilimia badala ya kodi ya siku, akakubali kwa shingo upande.

Leseni ya kwanza ilipoisha nikaiuza tamthilia ileile kwingine kwa leseni bila kuwasha hata taa, mwenye kamera akala tena na sa hivi ndo ananisumbua yeye tuanze msimu wa pili. Mkataba upo mezani ila chaneli wanataka na haki za YouTube humohumo kwa bei ileile, bado tunavutana.