Mwalimu naye nani anamuuliza kalalaje

Jumapili, saa tano usiku.

Leo tumefungwa tatu bila, nyumbani, lakini sio hicho kinachoninyima usingizi. Vijana walikuwa washaondoka, nikarudi chumba cha kubadilishia kuchukua koni na bibu, nakuta mwalimu, kocha wetu, kakaa peke yake, kiatu kimoja kavua kingine kipo mguuni, anaangalia ukuta. Nikamwambia twende mwalimu, boda anasubiri. Akasema "tangulia tu mdogo wangu". Sikutangulia, nikakaa, tukakaa kama nusu saa hivi hakuna anayeongea, halafu ndo akaniambia hii wiki ya tatu analala masaa mawili tu, akishtuka usiku anapanga kikosi kichwani mpaka adhana ya alfajiri.

Mimi msaidizi wake, msimu wa pili huu, na sikujua. Inaniuma sana. Kila siku kabla ya mazoezi tunapita kwa kila mchezaji, goti vipi, umekula, mama anaendeleaje, beki wetu alipofiwa na baba yake mwalimu ndo alikaa naye msibani siku zote tatu. Ila yeye sijawahi kumuuliza kitu zaidi ya leo tunaanza na nani.

Akanionyesha simu. Jamani. Voisi noti za watu asiowajua, mmoja anamwambia umenichania mkeka wangu wa kubeti nirudishie hela yangu, mwingine kamtaja mpaka mtoto wake wa darasa la tatu. Kiongozi anatuma meseji saa saba usiku anataka maelezo kwa nini fulani hakuanza. Na posho mwezi wa pili huu haijatoka.

Tumezoea hivi. Novemba 2023 Simba walipigwa 5-1 na Yanga Jumapili, Jumanne kocha wao Robertinho hana kazi, na mtaani tukahamia kubishana nani anakuja, na mimi nilikuwa humohumo kwenye kubishana, hata siku moja sikuwaza yule mzee ule usiku wa Jumatatu aliupitishaje.

Nikamsimulia habari ya Ralf Rangnick, kocha Mjerumani, Septemba 2011 aliiacha timu yake ya Schalke akasema wazi kabisa kachoka, nguvu hana tena. Akapumzika, mwaka uliofuata akarudi kazini, na Euro ya 2024 Austria yake ikamaliza kundi juu ya Ufaransa na Uholanzi. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho, akasema yule ana cha kupumzikia, mimi nikikaa nyumbani wiki mbili nikirudi nakuta kocha mwingine kavaa filimbi yangu. Na ni kweli, siwezi kumbishia, huku kwetu kocha hana mkataba wa maana wala bima, kuchoka kwake anakugharamia mwenyewe.

Kwa hiyo nimefanya kile kilicho ndani ya uwezo wetu. Nimempigia meneja wa timu, tumekubaliana mechi ikiisha simu ya mwalimu anakaa nayo meneja mpaka kesho yake mchana, kiongozi mwenye swali asubiri kikao cha Jumanne kama watu wazima. Mazoezi ya Jumatatu nasimamia mimi, mwalimu asije hata kuchungulia. Nahodha nimemwambia kidogo tu, ile ya kutosha, akanyamaza halafu akasema "kumbe na yeye".

La hospitali ndo lilikuwa gumu. Ya wilaya kuna daktari wa afya ya akili, nesi mmoja jirani yangu ndo kaniambia, ila mwalimu kakataa katakata, watu wataniona pale watasema kocha kachanganyikiwa, nani atanisikiliza tena uwanjani? Nikamwambia tutasema mimi ndo naumwa, wewe umenisindikiza. Akaniangalia muda mrefu. Halafu akainama akavaa kile kiatu kingine.

Kesho saa mbili asubuhi nampitia kwake.