Jezi ya nani hii?

Jumamosi iliyopita Mama Neema alikuwa anapanga kabati, akatupa kitandani furushi la nguo za kugawa. Neema akachomoa moja, ya zambarau, imepauka mabegani, ina 43 kubwa nyeupe mbele na nyuma. Akaigeuza mara mbili akitafuta jina mgongoni, maana jezi alizozoea kuziona zina majina, halafu akanitazama.

"Baba, hii je-je-je..."

"Jezi," nikasema.

Akanyamaza. Swali lenyewe hakulimaliza. Akaivaa juu ya gauni lake, akatoka nayo nje. Mimi nikabaki nimekaa kitandani, nimenyong'onyea, na mama yake haelewi kwa nini. Alichoona yeye ni baba aliyemsaidia mtoto neno moja.

Mwaka 2003 nilikuwa Manhattan, ile ya Kansas huko Marekani, chuo cha Kansas State, mwaka wangu wa pili kusomea usagaji wa nafaka. Habari za jengo la Shellenberger, vumbi la unga kwenye nyusi na ngano tuliyokuwa tukiilowesha kabla ya kuisaga, nimeshaziandika sana hapa. Ambacho sijawahi kuandika ni kwamba mwaka ule karibu wote nilikuwa bubu.

Asiyejua kigugumizi hudhani ni ugonjwa wa mdomo. Ni kazi ya kichwa, kutwa nzima. Unaliona neno likija kwa mbali, unajua litakukwamisha, unatafuta jingine la kupitia haraka kabla hujafika. Kwa Kiswahili nilikuwa na vichochoro vingi. Kwa Kiingereza sikuwa navyo. Mtu akiniuliza natoka wapi, nilimjibu Afrika Mashariki, kwa sababu T ya Tanzania iliniganda kwenye meno. Hotelini niliagiza chakula nilichoweza kukitamka, siyo nilichokitaka.

Ndipo jioni moja, kwenye runinga ya sebule ya bweni, nikamwona Darren Sproles, namba 43 wa timu ya chuo chetu ya futiboli ya Kimarekani, anahojiwa. Mwandishi alimwuliza jambo jepesi tu la mchezo. Akaanza kujibu, akakwama. Shingo ikakaza, macho yakashuka. Niliijua ile shingo. Nikasogea karibu na runinga mpaka nikawazibia wenzangu.

Alikuwa na futi 5 na inchi 6, kama sentimita 168, na mchezo wenyewe ni wa watu wenye kilo 130 na zaidi wanaosukumana kama mafahali. Kazi yake ilikuwa kupewa mpira mkononi na kupenya katikati yao. Wenzangu wa maabara walikuwa na hukumu yao tayari: mfupi mno, atatamba hapa chuoni, akifika ligi ya kulipwa watamvunja. Niliwabishia kwa maneno machache niliyoyamudu. Niliwaambia ufupi ndio silaha yake, kwamba anajificha nyuma ya wale majitu na mabeki hawamwoni mpaka ameshawapita. Waliona ni ushabiki. Nami nilimshikilia hata msimu ulipoharibika, tulipofungwa na chuo cha Marshall nyumbani kwetu, kisha na Texas, kisha na Oklahoma State, mfululizo, na watu wakaanza kuuza tiketi zao.

Lakini jina lake sikuweza kulitaja. S, P na R zimesongamana hapo bila irabu ya kupumulia. Mswahili asiye na kigugumizi atachomeka i, atasema Siproli, atapita. Mimi nilibaki kwenye S kama bomba linalovuja. Kwa hiyo nilimwita kwa namba, arobaini na tatu. Wenzangu walidhani ndio mtindo wangu wa kushabikia.

Tarehe 6 Desemba, mzee mmoja mkulima wa ngano niliyekuwa nasali naye akanichukua kwenye gari lake kwenda Kansas City. Mkewe alikuwa mgonjwa, tiketi yake ikawa yangu. Ilikuwa fainali ya Big 12, ligi ya vyuo tuliyochezea, uwanja wa Arrowhead, usiku, baridi ya kuuma masikio. Wapinzani wetu Oklahoma, chuo tofauti na Oklahoma State, walikuwa hawajafungwa mchezo hata mmoja msimu mzima, namba moja nchi nzima. Njiani mzee alinionyesha kwa kidole upande iliko Olathe, alikokulia Sproles. Akasema leo kijana anacheza mlangoni kwao.

Oklahoma wakafunga wao kwanza. Mzee akakunja mikono, akasema lake moja: "Bado mapema." Tukasawazisha, tukawapita.

Halafu ikaja ile. Kotabeki wetu, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Ell Roberson, akapiga pasi, na namba 43 akaupokea mpira. Nilimwona sekunde moja, nikampoteza kabisa katikati ya miili, nikadhani ameangushwa. Kisha akachomoza upande wa pili, peke yake, mabega yamelala mbele, miguu mifupi inafyatuka chini yake kama cherehani. Yadi 60, kama mita 55. Watu wote mbele yetu wakasimama kwa mpigo mmoja, ukuta wa migongo ya zambarau. Mimi nilipanda juu ya kiti, nikauona mwisho wake. Mzee hakuweza. Magoti yake yalikuwa mabovu, na mpaka anyanyuke kwa kushika bega langu, ilikuwa imeshakwisha, tachidauni, yaani mpira umeshafikishwa mwisho wa uwanja, uwanja unatetemeka.

Akaniuliza karibu na sikio: "Nani huyo, kijana?"

Ningeweza kumwambia arobaini na tatu. Lilikuwa tayari mdomoni. Sijui nini kilinikataza. Nikafungua mdomo niseme jina.

S ikakaa. Nikahisi shingo inakaza, taya limeganda, hewa inatoka na neno halitoki. Vipaza sauti vya uwanja vikalitangaza jina, kubwa, likaviringika uwanja mzima, na watu wakalipokea kwa mayowe. Nikadhani nimepona, jibu limeshatolewa. Lakini mzee hakugeuza uso kuelekea uwanjani. Aliendelea kunitazama, mkono wenye glavu nyuma ya sikio, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza maji kisimani. Hakutabasamu ili kunitia moyo. Hakutikisa kichwa. Hakuyasogeza midomo yake kunielekeza, jambo ambalo karibu kila mtu mwema hufanya bila kujijua. Wakapanga mstari wa kupiga mpira wa pointi ya ziada. Wakapiga. Watu wakaketi. Mzee bado amesimama kwenye magoti yake mabovu, ananisubiri.

"Sproles," nikasema.

"Sproles," akarudia, kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari. Akashika kiti, akaketi polepole.

Mengine mtayapata popote. Tuliwafunga 35 kwa 7. Yule mfupi alikimbia yadi 235 na mpira mkononi, bila kuhesabu ile pasi. Mara ya mwisho chuo kile kutwaa ubingwa wa ligi yake ilikuwa 1934, mzee akiwa mtoto wa miaka mitatu. Tulirudi kwa barabara ya I-70 usiku ule, na nilizungumza njia nzima. Nilikwama mara nyingi sana. Nilizungumza tu.

Mwaka 2005 wachezaji 129 walichaguliwa kabla yake kuingia ligi ya kulipwa. Mwaka 2011, akiwa na timu ya New Orleans, alijumlisha yadi 2,696 kwa msimu mmoja, nyingi kuliko mchezaji yeyote aliyemtangulia katika historia ya ligi ile. Alicheza mpaka 2019. Niliyafuatilia yote hayo kutoka hapa Dar, saa za usiku wa manane, bila mtu wa kubishana naye, na kila alipomwacha mtu aliyempita kwa urefu nilisimama sebuleni peke yangu.

Lakini kila nikiiwaza ile Desemba ni mkono wa mzee nyuma ya sikio unaonijia. Alikuwa amevaa kifaa cha kusikilizia. Huenda kwa kelele zile hakusikia chochote, si vipaza sauti wala mayowe, na alikuwa anangoja jibu kwa sababu alilihitaji. Huenda alisikia vizuri kabisa. Sikumwuliza, na amefariki siku nyingi. Nyumbani kwetu Njombe baba yangu alinimalizia maneno utoto wangu wote, na alinipenda kuliko mtu yeyote aliyewahi kunipenda. Nami nimekuwa nikimmalizia Neema tangu alipoanza kukwama akiwa na miaka minne, kwa upendo uleule. Walimu wanashauri hivi, ndugu wanashauri vile, na mama yake anataka tumpeleke kwa wataalamu wa matamshi. Nadhani tutampeleka.

Jumapili baada ya ibada nilikuwa jikoni nachemsha maziwa. Neema akaingia, bado ana ile jezi, imemfika magotini.

"Baba, hii je-je-je..."

Nilimtazama. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza, nikaubana. Je ikaendelea, ikasimama, ikaanza upya. Maziwa yakapanda nyuma yangu, nikayasikia yanafoka juu ya jiko, harufu ya kuungua ikajaa jikoni. Sikugeuka.

"...jezi ya nani?"

Nikazima jiko. Nikageuka nimpe jina, na S ikasimama palepale ilipozoea kusimama.

Neema akavuta kigoda, akakaa.