Kidonge cha Pili

Setralini, dawa ya sonona, ilinitoa kitandani, lakini usingizi haikunirudishia. Nilikuwa naoga, naenda dukani Kariakoo, nahudumia wateja. Usiku wa manane macho kodo. Chakula nacho hakipiti: dada ananipakulia wali maharage, namega tonge mbili tatu, nasukuma sahani.

Ilikuwa mwaka 2019. Dozi ilikuwa imeshapandishwa mpaka miligramu 150, na daktari akasema hataibadilisha, ataongeza dawa nyingine juu yake. Nikaishiwa nguvu. Kichwani kwangu dawa mbili za sonona zilikuwa za watu walioshindikana. Nadhani aliniona usoni, maana aliuliza, "Mwenye presha akipewa vidonge viwili, amerukwa na akili?"

Kabla ya kuandika chochote alitaka kujua kila ninachomeza. Nikasema hakuna. Dada, ambaye hajawahi kusubiri aulizwe, akadakia: "Anameza tramadoli, daktari. Mgongo ukimbana anakwenda kununua hapo mtaani."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaeleza kwamba setralini na tramadoli zote zinapandisha serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe kwenye ubongo na neva, na ikizidi mtu anatetemeka, anatoka jasho, moyo unakwenda mbio, homa inapanda, anaweza hata kuchanganyikiwa. Tramadoli ikaishia pale pale, nikaandikiwa parasetamoli. Akaulizia mitishamba. Akauliza tena kama nimewahi kukaa siku kadhaa silali wala sichoki, natumia hela ovyo na kujiona naweza kila kitu, kwa sababu mtu wa namna hiyo dawa hizi zinaweza kumrusha upande wa pili. Maswali yalikula muda kuliko dawa yenyewe, na mpaka leo naona hapo ndipo nilipotibiwa.

Akaandika mirtazapini, miligramu 15, usiku tu. Setralini ibaki asubuhi.

Nilimeza baada ya taarifa ya habari. Sikumbuki kufika kitandani. Asubuhi dada aligonga mlango mpaka jirani akatoka, nikaamka mzito kama abiria aliyepitiliza kituo. Uzito ule ulipungua siku zilivyokwenda, ila njaa iliyokuja nyuma yake haikuwa na adabu. Usiku mmoja dada alinikuta jikoni gizani, sufuria mapajani, nakwangua ukoko kwa kijiko. Hakusema kitu. Aliwasha taa, akaniletea maharage yaliyobaki.

Furaha haikuja na ukoko, tusidanganyane. Hiyo ilichukua wiki nyingine kadhaa, tena kwa kupanda na kushuka. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Uingereza uliotoka 2018: wagonjwa ambao dawa ya kwanza haikuwatosha waliongezewa mirtazapini, na kwa wastani hawakuwapita kwa kiasi cha maana wale walioongezewa kidonge kisicho na dawa. Siubishii. Mimi nilikuwa silali na sili, na daktari aliichagua kwa hayo mawili.

Niliporudi kliniki mizani ilikuwa imepanda na suruali zimeshapelekwa kwa fundi. Nikauliza lini nitaacha kimoja. Akasema kwanza nikae vizuri angalau miezi sita, kisha tutapunguza taratibu, nisijiachishe ghafla.

Dada akauliza kama kuna cha tatu cha kupunguza kula, maana mchele umepanda bei.