Betri ya boti haifi kwa kazi, inakufa kwa kuachwa nusu

Betri niliyonayo sasa kwenye boti imeingia mwaka wa nne na bado inapiga stata kwa nguvu ileile ya siku niliyoifunga. Mbili zilizotangulia hakuna iliyomaliza mwaka na nusu. Aina ileile, Ah 70 (yani ampea ukizidisha kwa saa, ndo ukubwa wa betri), boti ileile na mashine ileile, kilichobadilika ni namna ninavyoichaji na kuitunza tu. Nimeona niandike maana watu wengi wanabadilisha betri kila msimu wakiamini betri za siku hizi ni mbovu, na mimi nliamini hivyohivyo mpaka ile ya pili iliponikwamisha.

Nilikuwa nimetia nanga, usiku kucha taa ya nanga inawaka na fishfainda, ile skrini ya kutafutia samaki, sikuizima, alfajiri upepo ukageuka unanisogeza kwenye miamba, nabonyeza stata nasikia tik tik tik basi. Nikaanza kuvuta kwa kamba, na mashine ya HP 40 kuivuta kwa mkono si mchezo, mara ya saba au ya nane ndo ikashika na miamba nilikuwa naiona vizuri kabisa. Kilichoniuma ni kwamba jioni yake nilipima na mita ikasoma 12.9, nikalala nimetulia.

Kumbe nilipima dakika chache tu baada ya kuzima mashine. Betri ikitoka kuchajiwa inabeba volti za juujuu, ni kama povu kwenye kikombe, liache litulie ndo uone kilichomo ni kiasi gani. Unatakiwa uiache saa kadhaa bila kuchaji na bila kutumia kitu, mimi napima asubuhi kabla sijagusa swichi yoyote. Kwa betri ya kawaida ya risasi na asidi, ikitulia ikasoma 12.6 au 12.7 imejaa, 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na chini ya hapo hesabu imeisha na inaumia. Angalia hapo tofauti ya kujaa na nusu ni volti 0.4 hadi 0.5 tu! Ndo maana zile mita za taa tatu, kijani njano nyekundu, mimi siziamini, tafuta mita ya namba. Na kama betri yako ina vizibo vya kufungua, haidromita, kile kipimo cha uzito wa asidi, inakwambia ukweli zaidi kuliko volti, 1.265 hivi imejaa, ikishuka kwenye 1.190 uko nusu, na chemba moja ikiwa chini sana kuliko wenzake watano ujue hiyo ndo inayoiua betri nzima.

Sasa kwa nini zilikuwa zinakufa. Mimi nlidhani nikiendesha lisaa kwenda na lisaa kurudi betri inajaa yenyewe, mashine si inachaji? Inachaji ndio, ila kidogo sana kuliko unavyofikiri. Mashine ndogo ya nje ile namba ya ampea iliyoandikwa kwenye kitabu chake ni ukiwa umevuta resi, ikiwa sailensa, inanguruma bila resi, inatoa kidogo mno, na sehemu ya hicho kidogo mashine yenyewe inakula. Alafu kuna jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia, betri ya risasi inapokea moto, yani umeme, haraka mpaka karibu asilimia 80, kutoka hapo inaanza kukataa, unaisukuma kwa volti 14.4 lakini ampea zinashuka polepole na ile asilimia 20 ya mwisho inakula masaa mengi, hata uwe na alteneta (kile kinachochaji kwenye mashine) kubwa kiasi gani huwezi kuiharakisha. Kwa hiyo betri yangu ilikuwa haijawahi kujaa hata siku moja, inaenda 80, inashuka 50, inarudi 70, inakaa wiki mbili hivyohivyo, inashuka tena.

Na kukaa hivyo ndo sumu yenyewe. Betri inapotoa moto sahani zake za risasi zinafunikwa na salfeti, ukichaji mapema hiyo salfeti inarudi kwenye asidi na sahani zinabaki safi, ukichelewa inakuwa chembe ngumu kama chumvi iliyoganda na hairudi tena, na kila sehemu iliyofunikwa haifanyi kazi. Betri ya 70 inageuka ya 40 alafu ya 25 na wewe bado unaiona ni ileile. Betri inayotumika kila siku ikajazwa kila siku inaishi kuliko ile iliyopumzika mwezi mzima ikiwa nusu, hilo ndo ningependa ushike hata ukisahau mengine yote.

Dawa niliyotumia ni paneli ndogo ya sola, W 50, nimeifunga tezini, nyuma ya boti, ambako hakuna kitu kinaitia kivuli. Jua likiwa kali inatoa kama ampea 3 na siku nzuri inarudisha Ah 10 hadi 15 hivi. Unaweza kusema ni kidogo, lakini boti inakaa siku tano au sita bila kwenda popote na siku zote hizo paneli inajaza ile asilimia 20 ngumu polepole, kazi ambayo mashine haiwezi. Weka kontrola katikati, kile kifaa kinachopima moto wa sola unaoingia kwenye betri, usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri maana itaichemsha, na unapofunga unga betri kwenye kontrola kwanza ndo ufuate na paneli. Hakikisha kontrola imewekwa aina ya betri yako, ya maji inataka kama volti 14.4 alafu ikishajaa inashikiliwa kwenye 13.5 hivi, ya jeli inataka chini kidogo, ukiipa nyingi inatoka mapovu ndani na hayo huwezi kuyatoa. Kivuli nacho usikidharau, kona moja tu ya paneli ikifunikwa na kamba au fimbo ya bendera unaweza kupoteza moto mwingi kuliko ukubwa wa kivuli chenyewe.

Ukiwa na umeme karibu chaja ya hatua tatu, ile inayopunguza moto yenyewe betri inavyojaa, inafanya kazi hiyohiyo, iache usiku kucha.

Piga hesabu ya matumizi pia, ni darasa la nne tu. Taa ya nanga ya balbu ya zamani W 10 inakula karibu ampea 0.8, saa 12 za usiku ni Ah 10, ya LED ya W 2 inakula Ah 2 tu, mimi nilibadilisha taa hiyo kabla hata ya kununua sola. Kwa betri ya 70 chukulia una 35 za kutumia, maana ukizoea kushuka chini ya nusu unaikata umri. Alafu kuna vile vitu vinavyonyonya kimyakimya, redio inayotunza saa yake, kitaa cha swichi, chaja ya simu iliyoachwa. Ampea 0.1 unaona si kitu, zidisha kwa saa 24 kwa siku 30 ni Ah 72, yani betri nzima imeisha na hujawasha chochote! Ndo maana nina swichi kuu na naizima nikiondoka. Ila usiizime mashine ikiwa inanguruma, alteneta ikikosa betri ghafla dayodi zake zinaweza kuungua.

Kati ya vitu vinavyokula umeme kimoja tu hakipiti kwenye swichi hiyo, pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti. Hiyo nimeiunga moja kwa moja kwenye betri na fyuzi yake, kwa sababu mvua ikinyesha usiku na mimi sipo lazima iwake yenyewe ifue maji. Boti ikizama gatini mara nyingi si kwa tundu kubwa, maji yanaingia kidogokidogo, pampu inafanya kazi mpaka betri inakata, alafu hakuna wa kuyatoa. Kwa hiyo mtu akiniuliza betri kazi yake nini simwambii stata, namwambia inaishikilia boti juu ya maji wakati nimelala.

Tamino nazo, vile vichwa vya betri unakofunga nyaya. Chumvi inakula kila kitu na ule ungaunga mweupe au wa kijani kwenye tamino unazuia moto kuingia na kutoka, unaweza kuhangaika na chaja mwezi mzima kumbe ni kutu. Fungua hasi kwanza ili spana ikigusa chuma usipate cheche, rudishia hasi mwisho. Osha kwa beking soda iliyochanganywa na maji, ila vizibo viwe vimefungwa isiingie ndani, kausha, piga brashi ya waya, kaza, paka grisi au vaselini juu. Tumia nyaya nene, na kama unazipata zile za shaba iliyopakwa bati usifikirie mara mbili, shaba tupu baharini inakuwa nyeusi mpaka ndani ya plastiki.

Maji ya betri ni yale yasiyo na madini (distilled) peke yake, usijaze asidi wala maji ya bomba. Jaza baada ya kuchaji sio kabla, maana ikichajiwa maji yanapanda na yatamwagika, isipokuwa sahani ziko wazi hapo weka kidogo zifunikwe ndo uchaji. Mahali ilipo pawe na hewa, inapochajiwa inatoa haidrojeni na cheche moja inatosha. Ifunge kwa mkanda kwenye boksi na iwe juu kuliko maji ya ngama yanapoweza kufika, kwa sababu maji ya chumvi yakiingia ndani ya betri inaweza kutoka gesi ya klorini, na ndani ya kijumba kidogo cha boti hiyo si ya kuisubiri.

Wengine wataniuliza lithiamu. Ni nyepesi, unatumia karibu yote, na haidhuriki ikikaa nusu, ile shida yangu yote inaondoka. Lakini inataka chaja yake na ulinzi wake, na ukiiunga kwenye alteneta bila kitu cha kuizuia inaweza kuivuta alteneta mpaka iungue. Kwa stata na taa mbili tatu bado naona ya risasi inatosha, bora iwe na mwenzake ya pembeni ya kuwashia tu isiyoguswa na taa wala redio. Hiyo ya pili ndo ninayoitafutia nafasi sasa hivi chini ya kiti cha mbele, nimeshapima boksi linaingia, imebaki kupitisha waya mnene mpaka tezini na kutafuta fyuzi inayoendana nao.