Miguu ya Babu, Mgongo wa Mjukuu

Viti vya dhahabu vinavyokodishwa kwa maharusi hapa Mwanza huitwa viti vya kifalme, ila vingi vimechanganya wafalme wawili wa Ufaransa. Miguu ni ya Louis wa 15, mgongo wa duara la yai ni wa mjukuu wake, Louis wa 16. Kinapendeza jukwaani, sikatai. Ila ukiuziwa kama kiti cha kale cha Ufaransa, anza kukisoma miguuni.

Mguu mnene, ulioungwa na wenzake kwa vijiti vya chini vilivyokaa kama H au X, ni mtindo wa Louis wa 14 (1643–1715). Mguu uliopinda kama herufi S, bila kijiti cha kuunga, ni wa Louis wa 15. Nakshi zake ni makombe ya baharini na maua, na mara nyingi upande wa kushoto haufanani na wa kulia. Louis wa 16 alirithi kiti cha enzi mwaka 1774, lakini mistari iliyonyooka ilikuwa imesharudi tangu miaka ya 1760. Mguu wake umenyooka, unapungua unene kuelekea chini, una mifereji ya wima, na pale unapokutana na fremu ya kikalio kuna kipande cha mraba chenye ua la kuchonga. Hicho kipande wanaoiga hukisahau sana. Enzi ya Napoleon (1804–1815) haikusumbui: mahogani, nyuso bapa, shaba iliyopakwa dhahabu, sanamu za Kimisri.

Sasa kipindue, maana mtindo si umri. Chini ya Napoleon wa 3 (1852–1870) karakana za Paris ziliiga mitindo yote hiyo, tena kwa ufundi mzuri. Mbao zenye alama za msumeno za nusu duara zimepita kwenye mashine. Skrubu iliyotengenezwa kwa mkono ina mfereji wa kichwani uliokaa upande kidogo, uzi usio sawa, na ncha butu. Yenye ncha kali ni ya kuanzia katikati ya karne ya 19. Ukikuta mninga au mkongo, hiyo ni kazi ya fundi wa kwetu, ilipe bei ya kwetu.

Chini ya fremu tafuta mhuri wa jina la fundi na herufi JME, za chama cha maseremala wa Paris. Kanuni ya mhuri ilitoka 1743, vyama vikafutwa 1791. Usiuamini peke yake: hughushiwa, na samani halisi za mikoani mara nyingi hazina.

Meza ya duara ipime kwa futi, kwanza kufuata nyuzi za mbao, kisha kwa kuzivuka. Mbao husinyaa upana kuliko urefu, kwa hiyo meza ya miaka 200 huwa imepungua milimita kadhaa upande mmoja. Ikiwa duara kamili, muulize muuzaji uso wake umebadilishwa lini.