Mbawakawa wa milimita 2 kati ya Sigi na Amani

Tulishuka Sigi kutafuta mbawakawa wadogo wa kwenye majani katikati ya mwezi wa sita, masika yakiwa yamekatika siku kumi tu. Wakati huo tuliuchagua makusudi. Majani yaliyorundikana chini ya msitu yanatakiwa yawe na unyevu wa kushikamana kidogo, lakini yasichuruzike maji ukiyakamua kiganjani. Yakikauka, wadudu hushuka udongoni; yakilowa sana, chekeche linaziba na unachopata ni tope.

Sigi iko chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanga, mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, penye geti la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani na nyumba ya zamani ya stesheni ya reli ya Wajerumani. Getini tulionyesha kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, wanaoisimamia hifadhi. Namba za hati hizo tuliziandika daftarini siku hiyohiyo, kwa kuwa majarida mengi ya uainishaji huziulizia kabla hayajaupokea mswada.

Tuliyemfuata ni mbawakawa wa kundi la Pselaphinae, tawi la familia ya Staphylinidae. Wengi wao wana urefu wa milimita 1 hadi 3, wanaishi kwenye majani yanayooza na magogo laini, na huwinda wadudu wadogo kuliko wao, hasa kolembola, vidudu vya udongoni visivyo na mabawa, na utitiri. Kundi hili linavutia milimani kwa sababu moja kubwa: wengi wamepoteza mabawa ya kurukia. Mdudu asiyeruka havuki kirahisi bonde la joto kutoka mlima mmoja hadi mwingine, kwa hiyo kila safu inaweza kuwa na spishi yake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuchekecha. Chekeche letu ni mfuko wa turubai wenye pete mbili za chuma juu. Pete ya chini ina wavu wa matundu ya milimita 8. Unazoa majani ya eneo la mita 1 ya mraba, pamoja na tabaka jeusi lililo juu ya udongo, unatikisa kwa nguvu dakika mbili, kisha unamwaga yaliyopita kwenye mfuko wa kitambaa. Kosa la kawaida ni kuchota majani makavu ya juu tu, ambayo ni mepesi na hujaza mfuko haraka. Wadudu wako chini, hasa kati ya mizizi mipana ya miti mikubwa na kando ya magogo yaliyolala. Kila sampuli ilipata mfuko wake na karatasi yake ndani. Mifuko miwili ikichanganyika hakuna dawa: huwezi tena kusema mdudu alitoka mita 450 au mita 900.

Usiku tulitundika mifuko ya Winkler barazani. Haihitaji umeme, majani yanakaa kwenye vifuko vya wavu ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa, yanakauka polepole, na wadudu wanapotafuta unyevu wanadondokea kwenye kikombe cha spiriti chini. Tuliiacha saa 72, na baada ya saa 24 za kwanza tuliyatoa majani, tukayachanganya na kuyarudisha, kwani kutikiswa huwaamsha waliotulia. Kikombe hufungwa mwisho kabisa, baada ya mfuko kutundikwa na kutulia. Ukikifunga mapema, mchanga wote unaomwagika wakati wa kujaza unaishia humo, nawe utatumia siku nzima kumtafuta mdudu wa milimita 2 kwenye uchafu wa kijiko kizima. Kuna wanaoharakisha kwa faneli na balbu. Balbu yenye joto kali hukausha tabaka la juu haraka mno, na wadudu hufia humo kabla ya kushuka.

Spiriti iwe asilimia 95 kama unataka kupima DNA baadaye. Asilimia 70 inatosha kwa umbo peke yake, na huviacha viungo vikiwa laini zaidi. Lebo ya ndani ya kichupa huandikwa kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka, na kichupa kisicho na lebo ni taka.

Siku ya nne tulipanda Amani. Barabara inapita msituni kwa kona nyingi, kisha yanafunguka mashamba ya chai. Juu huko tuliruka sehemu zilizotawaliwa na mhesi, yaani Maesopsis eminii, mti uliopandwa zamani kisha ukasambaa wenyewe ndani ya msitu wa asili. Majani yake huoza upesi, na tabaka chini yake lilikuwa jembamba hata chekeche halikujaa. Chini ya miti ya asili tulipata kina cha sentimita 6 hadi 8.

Mezani, chini ya hadubini ya kukuza mara 40, kundi lenyewe hutambulika haraka. Elitra, yaani mabawa magumu ya mbele, ni fupi na huacha pingili kadhaa za tumbo wazi. Tarso, yaani nyayo za mwisho wa miguu, zina pingili 3. Hapa ndipo wanaoanza hukosea: Scydmaeninae, tawi jingine la familia hiyohiyo, nao ni wadogo, wana kiuno kama cha sisimizi na huishi mahali palepale, lakini tarso zao zina pingili 5 na elitra zao hufunika karibu tumbo lote. Hesabu pingili za tarso kabla ya kuamini sura.

Baada ya hapo mambo yanakuwa mazito. Sifa zinazotenganisha jenasi, yaani makundi ya spishi za karibu, ni vishimo vidogo vya kichwani, kwenye pronoto (ngao ya nyuma ya kichwa) na chini ya elitra, pamoja na kucha: mbili zinazolingana, moja kubwa na moja ndogo, au moja tu. Vishimo hujaa uchafu, na kishimo kilichoziba huonekana kama hakipo. Tulimsafisha kila mdudu kwa maji yenye tone la sabuni na brashi ya unywele mmoja kabla ya kuhesabu. Vipapasio vilikuwa na pingili 11, tatu za mwisho zikiwa zimevimba kama rungu.

Wa Amani walikuwa na mabega ya elitra yaliyoteremka, dalili ya kukosa mabawa ya nyuma; wa Sigi walikuwa na mabega ya pembe. Inashawishi kutangaza spishi mbili papo hapo. Tusingeshauri. Ndani ya spishi moja wanaweza kuwepo wenye mabawa na wasio nayo, na mara nyingine tofauti hiyo hufuata jinsia. Rangi nayo hudanganya: aliyetoka karibuni kwenye pupa, hatua inayofuata buu, huwa wa manjano hata kama wenzake ni wekundu wa kahawia. Na urefu wa mwili mzima haufai kuandikwa peke yake, kwa sababu tumbo hutanuka kwenye spiriti. Pima kutoka mbele ya kichwa hadi mwisho wa elitra, na usahihishe skeli ya hadubini upya kila unapobadilisha ukuzaji.

Kinachoamua ni edeago, kiungo cha uzazi cha dume. Mdudu hulainishwa kwenye maji ya vuguvugu, ncha ya tumbo hutolewa kwa sindano mbili nyembamba, kisha huwekwa usiku mmoja kwenye hidroksidi ya potasiamu ya asilimia 10, inayoyeyusha nyama, bila moto. Ukipasha joto kazi inaisha kwa dakika chache, lakini dakika zikizidi sehemu laini hupauka hadi mipaka yake haionekani. Suuza kwa maji yenye tone la siki, weka kwenye gliserini, chora kwa juu na kwa ubavu. Pembe moja haitoshi. Edeago iliyolala upande kidogo hubadilika umbo. Kisha irudi kwenye pini ileile ya mwenye nayo.

Tulikuwa na dume mmoja wa Amani na majike wanne. Wa Sigi wote majike.

Idadi hiyo inatosha kisheria kuipa spishi jina, kwa kuwa kanuni za majina ya wanyama zinataka holotipo moja tu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina, itajwe wazi pamoja na mahali itakapohifadhiwa, na jina likichapishwa kwa njia ya kielektroniki kazi isajiliwe ZooBank, rejista ya majina ya wanyama. Haitoshi kitaalamu. Vielelezo vingi vya kulinganishia viko kwenye makumbusho ya Ulaya: vya enzi ya Wajerumani Berlin, na vya msafara wa Basilewsky na Leleup wa 1957 Tervuren, Ubelgiji. Maelezo ya zamani ya kundi hili, ya wataalamu wa mbawakawa Raffray na Jeannel, ni ya Kifaransa, na mengine hayana mchoro wa edeago, kwa hiyo kusoma hakuchukui nafasi ya kumwona mdudu mwenyewe. Hata jina linahitaji uchunguzi: usambarensis, yaani "wa Usambara", limeshatumika kwenye jenasi nyingi, na jenasi mbili zikiunganishwa baadaye, jina jipya zaidi huanguka.

Dume tulimgundisha kwenye kadi kwa gundi inayoyeyuka kwa maji, ili atakayekuja aweze kumgeuza na kutazama tumbo. Lebo ya chini inasema "sp. Amani 1", yaani spishi ambayo bado haijapewa jina. Tutarudi Sigi mwezi wa kumi na moja, vuli zikishika, kutafuta madume.